Hodi Tatu

Ukishuka daladala karibu na Uwanja wa Amaan, Unguja, ukauliza njia ya Kwa Wazee, hakuna atakayekuuliza wazee gani. Baada ya Mapinduzi ya 1964, serikali ya Mzee Abeid Amani Karume ilijenga hapa Sebleni nyumba za kukaa watu wazima wasiokuwa na wa kuwatazama. Mji ukazidi kuja, ukazizunguka nyumba zile, ukaleta maduka, vinyozi, mafundi pikipiki na vibanda vya chipsi, na mwishowe ukachukua na jina. Leo kijana wa Amani humpigia mwenzake simu, "nisubiri Kwa Wazee", na mzee hata mmoja hampiti akilini.

Mimi nilikwenda kwa ajili ya mwanamke mmoja. Ni afisa ustawi wa jamii, na kwa siku kadhaa aliniruhusu nimfuate nyumba kwa nyumba, Sebleni na mitaa ya jirani, kwa sharti kwamba nisiulize kitu mpaka tuwe tumetoka na tumeshapinda kona. Jina lake silitaji, wala majina ya wale aliowaendea. Kazi yenyewe imesimama juu ya kutotaja.

Nianze na hodi, maana hapo ndipo nilipoanza kumstaajabia. Sote tumefundishwa tukiwa wadogo kwamba hodi ni tatu, usipojibiwa rudi ulikotoka. Lakini mimi hodi zangu tatu hutoka kwa pumzi moja. Yeye alibisha ya kwanza, akasimama. Nikadhani hajasikika, nikataka kumsaidia, akanikata jicho. Kati ya hodi na hodi husubiri kiasi cha mtu kusoma Alhamdu polepole mpaka amina. Baada ya ya pili, ndani kulisikika kitu kikiburutwa sakafuni, kisha mlango wa kabati, kisha kikohozi. Ya tatu hakuibisha kabisa. Sauti ya kiume ikasema, "Karibu, mwanangu, karibu," na tulipoingia tulimkuta babu kaketi kitandani, kofia kichwani, shuka imetandazwa vizuri.

Tulipotoka akanieleza kilichoburutwa. Ilikuwa ndoo. Babu hawezi tena kufika chooni usiku, na ndoo huisukuma chini ya kitanda mgeni akija. "Nikiingia kwa hodi ya kwanza nimeiona ndoo," alisema. "Na nikishaiona, babu hatanambia tena neno la maana. Atanambia alhamdulillah mpaka siku ya kufa."

Ndoo alijua ipo, kwa sauti tu. Wiki ile ile aliuliza habari ya kiti cha choo cha kuweka chumbani, na akapanga namna ya kukileta kana kwamba kila mzee wa safu ile analetewa chake.

Watu wengi wakisikia "ustawi" hukumbuka jambo jengine kabisa: mama aliyeachwa na watoto, baba asiyeleta matunzo, benchi refu la kusubiria na maneno makali. Upande wa wazee hauna kelele hizo, kwa hiyo hauna sifa. Hakuna anayesimulia kwamba leo mzee fulani hakuanguka.

Kuna neno moja la kwetu ambalo, kwa maoni yangu, linaibeba kazi hii yote, nalo ni sitara. Mtu husitiriwa kwa nguo, kwa kuta, kwa chakula cha jioni hata kikiwa muhogo mtupu, na husitiriwa zaidi kwa yale ambayo jirani ameyaona akayanyamazia. Mzee wa Kiunguja anaweza kulala na njaa siku mbili na akakukaribisha chai ya rangi kwa uso mkunjufu. Basi mtu wa ustawi ana mtihani ambao daktari hana. Daktari huambiwa panapouma. Huyu lazima ayajue yote ambayo mwenye nyumba ametumia nguvu zake za mwisho kuyaficha, na akiondoka mwenye nyumba abaki anaamini kwamba hayajajulikana.

Basi huanzia mlangoni. Kwetu viatu huachwa nje, na viatu husema. Aliniambia nitazame makubadhi ya mzee mmoja wa Kilimahewa: yamepangwa vizuri, kisigino kwa kisigino, na juu yake vumbi la wiki nzima. Mwanawe mkubwa alikuwa ametuhakikishia barabarani kwamba baba ni mzima, haikosi jamaa ya alfajiri hata siku moja. Huenda mwana mwenyewe aliamini hivyo. Nikimtetea kidogo, yeye huondoka nyumbani kabla ya adhana kwenda kuuza samaki, na baba yake hajawahi kumwambia kwamba magoti yamekataa.

Baada ya viatu ni miguu. Mzee asiyeweza kuinama hukatwa kucha na mtu, au hakatwi. Kucha za vidole vya miguu zikirefuka na kupinda, ujue nyumba ile ina watu wa kupika na kufua, lakini hakuna anayekaa chini mbele ya mzee akaushika mguu wake. Hili lilinichoma, na sababu yake naisema. Tulikuwa na bibi yetu, tumelelewa naye, na sisi wajukuu kila mwezi tulituma fedha na tukajiona watu. Siku moja alipita mtu wa ustawi kwa shughuli ya jirani, akaombwa aingie anywe maji. Hakusema lolote. Kesho yake alirudi na kikata kucha na beseni, akamwomba bibi amfundishe kusuka ukili, na kucha zikakatwa maongezi yakiendelea. Sisi tulikuwa watu kumi na mmoja. Hakuna aliyekuwa ameitazama miguu ya bibi.

Kuandika fomu nako ni ufundi, ingawa fomu haina mshairi wa kuisifu. Aprili 2016 Zanzibar ilianza kulipa Pencheni Jamii, shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila mkaazi aliyetimiza miaka 70, awe aliwahi kuajiriwa au maisha yake yote amelima na kuchuma karafuu, na fedha zikatoka serikalini kwenyewe. Nchi za jirani zilikuwa hazijafanya hivyo. Baadaye kiwango kikapandishwa hadi 50,000. Wazee zaidi ya 20,000 wakawa na siku yao katika mwezi, na kwa mara ya kwanza baadhi yao wakawa na cha kumpa mjukuu wakati wa sikukuu. Ila kwanza ilibidi umri ujulikane, na watu wengi waliozaliwa shamba katika miaka ya arubaini hawakuandikwa popote.

Ukimuuliza bibi wa namna hiyo, "una miaka mingapi?", atakutajia hesabu yoyote inayomjia. Afisa wetu hauulizi umri. Huuliza hivi:

"Bi mkubwa, Seyyid Khalifa alipofariki ulikuwa umefika wapi chuoni?"

"Nilikuwa nishahitimu zamani. Nishapewa na watoto wa kuwasomesha."

Seyyid Khalifa bin Haroub alifariki Oktoba 1960. Msichana aliyekwisha kuhitimu msahafu na kukabidhiwa wadogo hapungui miaka kumi na tatu au kumi na nne. Mwengine akijibu kwamba siku ile alikuwa bado anahangaika na juzuu ya Amma, basi huyo alikuwa wa miaka sita au saba, na pencheni ilipoanza yake ilikuwa bado. Kwa waliokula chumvi zaidi huuliza juu ya mgomo wa makuli wa 1948. Wanaume huwauliza walitiwa jandoni kabla ya Mapinduzi au baada yake. Juzuu, mwari, jando, mimba ya kwanza: kalenda ya mtu ambaye serikali ya wakati ule haikumuandikia kalenda. Kisha majibu huyalinganisha na ya ndugu na ya sheha, na mara nyingi hupishana kwa mwaka tu.

Siku moja hesabu ilitoka miaka 68. Bibi alikuwa amesema 74, na wanawe wamekaa pale. Yeye akafunga daftari na kusema, "Mwaka wa kesho kutwa nitakuja mimi mwenyewe kukuandika, Mungu akitupa uhai. Usimkubali mwengine." Bibi akacheka, akajisifu kwa shoga zake kwamba ana afisa wake. Uongo haukutajwa, na pencheni haikutolewa.

Kazi hii imeanza na kuhakiki watu si Unguja peke yake. Mwaka 1895 hospitali ya Royal Free ya London ilimuajiri mwanamke aitwaye Mary Stewart, ikamkalisha sehemu ya wagonjwa wa nje achunguze nani maskini kweli na nani anatibiwa bure ilhali ana uwezo. Aliwekwa kama bawabu wa fedha. Kwa kukaa na kuuliza, akajikuta anayajua mambo ambayo daktari hakuyajua: nani ana pa kulala, nani ana wa kumpikia, nani akirudishwa nyumbani atarudi tena baada ya wiki. Hapo ndipo wengi huanzia hesabu ya ustawi wa jamii hospitalini. Tasnia nzima imechipuka katika fomu ya kumtilia mtu shaka, jambo ambalo hunichekesha kila nikilifikiria.

Sasa twende Michenzani, kwenye yale majumba marefu yaliyojengwa enzi za Karume. Wazee waliogaiwa nyumba wakiwa na nguvu za kupanda ngazi wamezeekea juu kule kule. Utaona vikapu vikishushwa kwa kamba madirishani: muuza boflo anatia mkate, kikapu kinapanda. Mgeni hupiga picha. Afisa wetu husimama chini, mkono juu ya macho, akatazama fundo.

Siku ile fundo lilikuwa tofauti. Bibi wa ghorofa ya nne alikuwa na fundo lake la kimvuvi alilofundishwa na marehemu mumewe, na sasa kamba ilikuwa imefungwa hovyo hovyo, mafundo matatu moja juu ya jengine. Tukapanda. Bibi alitupokea kwa bashasha, akasema hana shida yoyote. Mtu mwengine angemuuliza nani anamsaidia, na angejibiwa "Mungu, na wanangu." Yeye alisifu kwanza mkeka, kisha kaptula ndogo iliyokuwa imeanikwa dirishani. Ya nani? Ya mtoto wa jirani, ana miaka tisa, ndiye anayeshusha kikapu asubuhi kabla ya skuli. Anayevuta maji ndoo mbili? Yeye. Anayekwenda kwa sheha? Yeye. Mikono ya bibi ilikuwa imetulia mapajani, vidole vimekunjika, havifunguki.

Tulipofika chini afisa aliniambia, "Umeona? Nyumba ile yote imeshikwa na mtoto wa darasa la tatu." Na mtoto yule, kumbe, wazazi wake walikuwa wamepata kiwanja Fuoni na wanahama baada ya mwezi. Jambo hilo bibi alilijua na hakulisema. Hakuna daftari ambalo lingelionesha.

Alichofanya kilichukua asubuhi tatu na hakikugharimu kitu. Alizungumza na muuza duka wa chini, na mama wa ghorofa ya pili ambaye alikuwa na ugomvi wa zamani na bibi juu ya maji yaliyomwagika, na kijana mmoja wa maskani ambaye watu humwita mvivu. Huyo mvivu ndiye anayevuta kikapu sasa. Nilimuuliza afisa kwa nini amemchagua yeye. "Kwa sababu yupo," alisema. "Wenye bidii wote wanakwenda kazini."

Maarifa haya hufundishwa wapi? Taasisi ya Ustawi wa Jamii iko Kijitonyama, Dar es Salaam. Mwaka 2020 Baraza la Wawakilishi lilitunga sheria ya masuala ya wazee, kwa hiyo anayo na karatasi ya kumpa nguvu. Yeye huheshimu vyote hivyo. Lakini kutazama fundo anasema alikuona kwa mama yake, ambaye alikuwa mkunga wa mtaa.

Sisi watu wa pwani tuna majivuno yetu: hatupeleki wazee wetu nyumba za wazee, hayo ni mambo ya Wazungu. Nusu yake ni kweli, na ninaipenda nusu hiyo. Nusu ya pili imo ndani ya vikao vya familia, na hapo ndipo nilipomuona afisa akifanya kazi ngumu kuliko zote. Nyumba ya Amani, mama amerudi utotoni, anatoka usiku kutafuta njia ya kwa mama yake. Watoto sita. Chini ya mkeka, kwa namna ya kusema, kuna nyumba ya urithi ambayo baba aliiacha na mirathi yake haijagawiwa, na kila mmoja anamshuku mwenzake kwamba anayekaa na mama anakalia na nyumba. Njia ya mirathi inajulikana, Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana ipo kwa shughuli hiyo. Afisa hakuitaja kabisa. Aliwaacha wamsifu mama kwanza, mmoja mmoja, muda mrefu mpaka mimi nikaanza kusinzia. Walitaja maandazi yake, ukali wake, siku aliyouza bangili kumpeleka mmoja wao hospitali. Waliposhalainika akauliza jambo moja tu: "Usiku wa leo nani analala naye?"

Kimya. Mmoja akasema atachangia elfu hamsini. Afisa akamshukuru sana, akaandika, kisha akarudia swali lile lile kwa sauti ile ile. Wa pili akaahidi kuajiri msichana. Akamshukuru, akaandika. "Na usiku wa leo?" Hatimaye kitinda mimba, ambaye nduguze walikuwa wakimkatiza kila akifungua mdomo, akasema yeye analala naye tangu Ramadhani iliyopita, hakuna aliyewahi kumuuliza. Kikao kikageuka pale pale. Wiki ikagawiwa usiku kwa usiku, kitinda mimba akapewa usiku mbili tu, na habari ya nyumba ikaachwa mpaka siku nyengine.

Wapo wasiokuwa na kikao cha kukaliwa. Miongoni mwa wazee waliopata kuishi Sebleni, na Welezo ambako masista wa Kikatoliki walihudumia wagonjwa wa ukoma tangu enzi za ukoloni, na Limbani kule Wete, wamo waliokuja visiwani vijana kuchuma karafuu au kubeba mizigo bandarini, hawakuoa au hawakubakiwa na mtoto, na njia ya kurudi kwao bara ikaota majani. Mtu wa namna hiyo akikaribia kufa anahitaji mtu wa kuambiwa. London, mwaka 1948, Mpolandi mmoja aitwaye David Tasma, Myahudi asiyekuwa na jamaa mjini pale, alikuwa akifa kwa saratani, na aliyekaa naye akizungumza ni Cicely Saunders, aliyekuwa akiifanya hospitalini kazi ile ile aliyoianza Mary Stewart. Tasma alimuachia pauni 500, akasema anataka kuwa dirisha katika nyumba ya wagonjwa atakayoijenga. Nyumba yenyewe, St Christopher's, ilifunguliwa 1967, na huduma ya wagonjwa wa kufa duniani kote ina deni kwake. Saunders alikwenda kusomea udaktari baada ya kifo cha Tasma. Huwa najiuliza angeyajua aliyoyajua kama angeanza na koti jeupe.

Mmoja katika wazee wa afisa wetu alikuwa bibi aliyetoka bara zamani sana, mkali, asiyependa kuguswa. Miaka miwili alimpokea mlangoni tu. Mwaka wa tatu akamkaribisha ndani, akamuonesha sanduku la mbao lenye misumari ya shaba. Hakulifungua. Alimwambia kwa maneno kilichomo: sanda yake, ameinunua mwenyewe, karafuu maiti, udi kidogo, na fedha za mazishi zimefungwa katika kitambaa, asije akazikwa kwa mchango. Ufunguo uko katika pindo la kanga aliyovaa. Akataka ahadi kwamba habari hiyo haitaandikwa. Haikuandikwa. Nililitazama faili, kwa ruhusa. Pana magonjwa, pana dawa, pana tarehe za kutembelewa, na mahali pa mali palikuwa na kistari.

Bibi alifariki usiku wa kuamkia Ijumaa. Wanawake wa mtaani walikuja kumuosha, kama wanavyokuja kwa yeyote, na ikaanza kuulizwa sanda itapatikana wapi saa zile. Afisa alimwita pembeni aliye mtu mzima kuliko wote, akamnong'oneza kuhusu pindo la kanga. Kisha akatoka chumbani, maana kuosha hakukuwa kwake, akavua viatu akaenda kukaa mkekani pamoja na wengine, kanga imemfunika mpaka kwenye paji la uso. Aliyekuwa ubavuni mwake alimuuliza yeye ni nani wa marehemu. Akasema, jirani.